Shukrani kwa dada aliyempisha Mzee kiti

Dada wa koti la kijani, pale Chicago kwenye onyesho la mpiga selo wa jazi Tomeka Reid na wenzake watatu: asante sana. Nguzo ilikuwa imemziba Baba, ukainuka bila kuombwa ukampa kiti chako cha mbele. Ulimwamkia na shikamoo, kwa hiyo natumaini utayasoma haya.

Mzee ni mtu wa taarabu ya Unguja. Selo, ile ala ya nyuzi kama fidla kubwa, anaijua tangu ujana, ila ikisindikiza fidla na ganuni. Safari hii ameiona ikiongoza! Reid alidonoa nyuzi kwa vidole, mara akashika upinde; Mary Halvorson akazipinda sauti za gitaa mpaka Baba akaangua kicheko. Besi ya Jason Roebke na ngoma za Tomas Fujiwara hazikuwaacha wenzao wapumue.

Asante pia kwa kumsimulia habari za AACM, chama cha wanamuziki kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1965, ambacho Reid ni mwanachama wake. Mimi nisingeweza. Sasa albamu ya 2015 ya Reid na wenzake hao watatu inapigwa kwetu kila jioni, na majirani wameanza kuuliza.

Mzee anakusalimu sana.