Tanzia za wahitimu zitaje kazi, si sifa tu

Ndugu Mhariri,

Waliosoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Makerere na Nairobi miaka ya sitini na sabini wanatutoka, na tanzia zao hujaa kwenye kurasa za magazeti. Ukimaliza kuzisoma unajua kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, na ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kazi yake huijui. "Aliitumikia Serikali katika nyadhifa mbalimbali" ni sentensi inayoweza kusomwa juu ya kaburi la yeyote. Sisi tunaohariri na kutunza kumbukumbu za wahitimu tunaomba tanzia ya msomi iwe kwanza rekodi ya kazi yake, yenye miaka na mahali, na sifa zifuate nafasi ikibaki.

Kosa huanzia msibani. Wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana mwenye kompyuta, kwa kuwauliza wazee waliokaa mkekani. Wanaojua ukoo na kijiji wapo. Anayejua marehemu alisimamia barabara ipi au alitunga sheria gani bado yuko safarini, atafika kesho yake makaburini. Kijana hana la kufanya, anajaza "nyadhifa mbalimbali". Kisha gazeti linanakili wasifu huo, chama cha wahitimu kinanakili gazeti, na baada ya miaka kumi mtafiti anakuta vyanzo vitatu vinavyokubaliana, kumbe vyote ni karatasi ile moja.

Jina la chuo ndipo watu wanapoteleza zaidi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo aliyehitimu 1968 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hata kama hakuwahi kulala nje ya Dar es Salaam. Masomo nayo yaligawanywa: sheria ilianzia Dar, uhandisi na udaktari wa mifugo vilikuwa Nairobi, kilimo Makerere. Mhandisi Mtanzania wa 1967 mtafuteni kwenye vitabu vya mahafali vya Nairobi, maana Mlimani haikuwa na kitivo cha uhandisi hadi 1973. Wanasheria Waganda na Wakenya wa wakati huo, nao, wamo kwenye vitabu vya Mlimani, na mara nyingi hakuna anayetuma taarifa Dar wanapofariki.

Familia pia huandika jina la chuo la leo. Daktari aliyesomea Muhimbili mwaka 1982 hakuhitimu MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili), kwa kuwa chuo hicho kilipata hadhi hiyo 2007. Mtaalamu wa kilimo aliyesoma Morogoro kabla ya Julai 1984 ana cheti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si cha Sokoine. Andikeni jina lililo kwenye cheti, kisha mwongeze "sasa ni" na jina jipya.

Miaka isiyojumlika isilazimishwe ijumlike. Mwanafunzi aliyeingia 1964 na kutoka 1968 si lazima alirudia mwaka: Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wengi walirudishwa baadaye. Aliyehitimu kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini huenda alifanya kazi kabla ya chuo, kwa sababu Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mwombaji awe kwanza kazini na apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala. Tanzia inayoanza kuhesabu kazi baada ya shahada inaipoteza miaka hiyo yote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilifungwa 1990 na kufunguliwa mwaka uliofuata, na pengo la wakati huo familia hulificha kana kwamba ni aibu. Si aibu, ni historia ya nchi.

Kwa watu mashuhuri tatizo ni jingine: cheo kikubwa humeza vingine vyote. Benjamin Mkapa, aliyefariki Julai 2020, anakumbukwa kwa Ikulu. Lakini kijana aliyetoka Makerere 1962 na shahada ya Kiingereza alikuja kuhariri gazeti la Nationalist kuanzia 1966 na Daily News kuanzia 1972, kisha akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata, shirika la habari la Tanzania, mwaka 1976. Miaka hiyo ya chumba cha habari inastahili aya nzima, hasa ndani ya gazeti. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, anajulikana kwa riwaya na mashairi. Tanzia isiyosema kwamba alifundisha sekondari, akafundisha Mlimani, akapata uzamivu Wisconsin, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Botswana, imeacha nje sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Sasa namna ya kuandika. Kifo kithibitishwe na watu wawili wasiotegemeana, mmoja awe wa familia. Ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa haumo katika hesabu hiyo. Chapeni tangazo fupi mara moja: jina, mwaka wa kuhitimu, fani, kazi ya mwisho. Namba ya simu ya rambirambi iliyoletwa na mtu msiyemjua msiichape, matapeli huvizia misiba. Tanzia kamili isubiri. Kumhoji mjane siku ya matanga ni kukosa adabu, na majibu yake hayatakuwa sahihi. Baada ya arobaini familia huwa imeshafungua masanduku kwa ajili ya mirathi, na barua za uteuzi, vyeti na picha hupatikana. Sababu ya kifo msiiulize, wakitaka watasema.

Maneno 300 yanatosha, na 200 kati yake yawe ya kazi. Kwa kila kazi tafuteni cheo, mwajiri, mahali, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na kitu kimoja kilichobaki: daraja, mbegu, kitabu cha kiada, hukumu. "Mtafiti wa mahindi, Ilonga, 1974 hadi 1983" ina uzito kuliko aya mbili za uchapakazi. Mwajiri aitwe kwa jina la wakati ule. Wengi walianzia mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, na ukiandika "Shirika la Reli Tanzania, 1970" umempeleka mtafiti kwenye majalada yasiyokuwepo. Uteuzi wa serikalini ulinganishwe na Gazeti la Serikali, uwakili na orodha ya mawakili, uhandisi na daftari la bodi ya usajili. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa 1 Januari au 1 Julai, ulizeni kama ilikadiriwa. Ikiwa ndivyo, andikeni mwaka tu.

Majina ya wanawake yanahitaji uangalifu wa pekee. Kitabu cha mahafali kina jina la baba, tangazo la kifo lina la mume, na waombolezaji wanamjua kama Mama fulani. Bila kuandika yote mawili, la usajili na la ndoa, mhitimu huyo atabaki hai kwenye daftari la chuo hadi afikishe miaka mia na ishirini.

Picha ya joho tunayo ya kila mtu. Ombeni ya kazini. Ikipitishwa WhatsApp kama picha hubanwa na haifai kuchapwa, basi waambieni waitume kama faili. Ya karatasi ichanganuliwe kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, na maelezo nyuma yake yaandikwe kwa penseli laini, kwani wino hupenya hadi usoni.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni kwamba masahihisho ya tanzia yachapwe kwenye ukurasa uleule wa tanzia, na yaambatishwe kwenye nakala ya mtandaoni, badala ya kuzikwa chini ya matokeo ya mpira. Vyama vya wahitimu navyo vigawe fomu ya ukurasa mmoja kwenye mkutano wa mwaka, wenyewe wajaze wangali hai. Iitwe "maelezo ya kazi", kwani hakuna mstaafu atakayejaza karatasi yenye kichwa "tanzia". Nakala moja ikae kwa familia, moja chamani, moja maktaba ya chuo.

Wahariri na watunza kumbukumbu za wahitimu,
Dar es Salaam