Kabla lori halijapakiwa: barua kwa somo yangu aliyeko Maskati

Tanga, mwezi wa Rajabu

Kwa somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima wa afya. Huku hatujambo sote. Mama anakusalimia sana, na anasema ile dawa ya miguu uliyomletea imemfaa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena. Nimefurahi mno kusikia kwamba kina mama wa Tanga mlioko huko mmechanga, na mnataka Ramadhani hii mtuletee hapa kituoni kwa mayatima lori zima: sembe, mchele, sukari, mafuta, tambi na tende. Mwenyezi Mungu awalipe kwa nia hiyo. Umeniuliza lori lije lini na nani alipokee. Kabla sijajibu, nataka ujue kinachotokea stoo baada ya wageni kuaga, maana funguo za stoo ninazo mimi.

Chakula kwetu huja kwa mkupuo. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani magari yanapishana getini: watu wa maofisini, vikundi vya vicoba, wanachuo, familia zinazotolea sadaka wazee wao waliotangulia. Kila mmoja amekaa kwake akawaza watoto wanahitaji nini, na wote wamepata jibu lilelile, sembe, sukari na mafuta. Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, inakuja nyama, yote siku moja, na friza letu ni moja na umeme wa kukatikakatika. Krismasi ndugu zetu Wakristo nao wanakuja, Mungu awabariki. Ukiondoa siku hizo, kuanzia Mfungo Nne mpaka Rajabu hii ninayokuandikia hapiti mtu, na watoto wanakula kila siku.

Stoo yenyewe ni chumba kimoja cha bati chenye kidirisha kidogo. Chaga za mbao ni chache, kwa hiyo viroba vikizidi vinalala sakafuni na kuegemea ukuta. Ramadhani miaka hii inaangukia karibu na masika, na unyevu wa Tanga unaujua. Unga unaunyonya. Kiroba cha chini kinashika ukungu, cha kati kinaganda mabonge, cha juu kinaingia wadudu. Dona ndiyo haivumilii kabisa, maana haikukobolewa, yale mafuta ya kiini cha hindi yamo ndani yake, na baada ya wiki chache inaanza kunuka na kuwa chungu. Unga wa lishe wenye karanga ni hivyohivyo, na huo ndio watu wanaoupenda kuleta kwa ajili ya wadogo.

Watu huniambia, chekecha, anika juani, upike, utakuwa mzuri. Somo yangu, mimi hilo sikubali. Ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wenyewe, na haitoki kwa kuchekecha wala kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoharibika, wakafariki watu wapatao 20. Jirani zetu Kenya mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, walifariki watu 125. Hata kuku siwezi kuwapa unga huo, wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo inapita hadi kwenye maziwa. Kiroba chenye ukungu nakitoa nje na kukifukia, na nakifukia huku moyo unaniuma, kwa sababu najua kuna mama mmoja mahali fulani alijinyima kukinunua.

Chakula kilichopikwa ndicho kinachoniliza zaidi. Harusi ikiisha, saa tano au saa sita za usiku, gari linasimama getini na masinia ya pilau na wali. Wanaokileta wana huruma, hawataki kitupwe. Lakini wali huo umepikwa mchana. Chakula kilichoiva kikikaa zaidi ya saa mbili bila kuwa moto wa kuunguza au baridi ya friji, vijidudu vinazaliana ndani yake, na wali una kimoja ambacho kuiva hakukiui, na sumu yake haiondoki hata ukipasha mara ngapi. Watoto wamelala. Mlinzi anapokea, anashukuru, anawaombea maharusi heri. Asubuhi vijana wetu wakubwa wanachimba shimo nyuma ya banda la kuku. Watoto wanaona, na wao ndio tunaowafundisha kwamba chakula hakichezewi.

Utaniuliza kwa nini hatukatai. Kiini cha yote kiko hapo. Kituo kinachoishi kwa mikono ya watu kinaogopa kusema hapana. Ukimrudisha mtu na sukari yake leo, atakwenda kusema kwamba pale wana kiburi, wameshiba, na kesho ukimhitaji kwa ada au kwa mtoto aliyelazwa, hayupo. Basi mama mlezi anapokea kila kitu, anasimama kwenye picha, anatoa shukrani, na mimi natafuta pa kukiweka.

Na kwa nini hatugawi? Mtaa wetu una wajane na wazee wasio na mtu, wanaolala na uji wa chumvi ukuta kwa ukuta na stoo iliyojaa. Lakini kiroba kimoja kikionekana kinatoka getini, kabla ya magharibi mtaa mzima una habari kwamba tunauza chakula cha mayatima. Wapo wafadhili waliorudi baada ya miezi kadhaa kutaka kuonyeshwa sukari waliyoleta. Siwalaumu, wanalinda amana yao, na wameshasikia habari za vituo vilivyouza kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba sukari inakaa mpaka inayeyuka na kuingia sisimizi, wakati huohuo maharage tunakopa dukani na deni linapanda. Nimewahi kuruka viroba vya sembe mlangoni nikielekea kuomba tukopeshwe dagaa. Hilo, somo yangu, si sawa, na haliwi sawa kwa sababu tu kila aliyehusika ana nia njema.

Si sisi peke yetu. Marekani, ambako benki ya kwanza ya chakula, yaani ghala linalokusanya chakula cha msaada na kukigawa, ilianzishwa Phoenix mwaka 1967, walisumbuka na jambo hilihili kwa miaka mingi. Makao makuu ya mtandao wao, ambao siku hizi unaitwa Feeding America, yalikuwa yanagawa chakula kwa zamu, anayefikiwa na zamu anapewa kilichopo. Ikawa viazi vinapelekwa Idaho, jimbo lenyewe linalolima viazi. Mwaka 2005 wakabadilisha. Kila benki ya chakula ikapewa hisa, si fedha za kweli, kwa kadiri ya maskini inaowahudumia, na kwa hisa hizo inaomba inachokihitaji na kuacha kisichohitajika. Kituo kidogo kikiweka akiba ya hisa zake, siku ikitokea siagi ya karanga au tambi kinaweza kuipata mbele ya wakubwa. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama nimeandikiwa mimi, kwa sababu mpokeaji alipewa sauti, na kusema "hiki sikihitaji" hakukumharibia jina.

Na hapo jirani yenu Dubai nadhani ulisikia. Biskuti za lishe karibu tani 500, zilizonunuliwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya watoto wa Afghanistan na Pakistan, zilikaa ghalani mpaka tarehe zikapita mwezi wa saba mwaka 2025, ukaamuliwa uteketezaji. Zingetosha watoto milioni moja na nusu kwa wiki nzima. Biskuti hazikuwa na kasoro na wenye njaa walikuwa wanajulikana walipo. Aliyekosekana ni wa kutoa ruhusa zitoke. Ninalitaja kwa sababu hata stoo yangu ndogo inakwama palepale, kwenye ruhusa.

Sasa nakujibu. Naomba lori msilete. Tende leteni, zinakaa vizuri na zitaliwa zote ndani ya mwezi. Fedha zitakazobaki nendeni nazo kwa mwenye duka wa jumla hapa Ngamiani, yule tunayemkopa, nitakupa mawasiliano yake kwa simu. Mlipeni yeye mwenyewe. Sisi tutachukua kila mwezi kwa karatasi yenye sahihi ya mama mlezi na yangu, maharage, dagaa, mafuta na mchele, kiasi kinacholiwa tu, na kila mwisho wa mwezi nitakupigia picha ya leja uwaonyeshe wenzio. Fedha zikitufikisha Mfungo Tano au hata Mfungo Saba mtakuwa mmetuvusha, maana hiyo ndiyo miezi yetu ya dhiki.

Kama kina mama wanataka lazima pawepo na shehena ya kuonekana, basi nunueni mahindi badala ya unga, baada ya mavuno, yaliyokaushwa sawasawa. Yasiwe na unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5, wenye maghala wana kipimo. Tuyatie kwenye ile mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa, ambayo wadudu hufa humo bila dawa, na yatakaa miezi. Mashine ya kusaga iko mtaa wa pili, tutasaga ya wiki kwa wiki. Na mkipata ziada, chaga za mbao na mapipa yenye mifuniko yatatufaa kuliko viroba kumi vya sukari. Najua haya hayapendezi kwenye picha kama lori. Nitakurekodia video siku tunayochukua maharage yenu mwezi ambao hakuna mgeni mwingine, uwapelekee wote waliochanga.

Futari nayo nimeshaongea na mama mlezi. Tumeandika orodha ya siku zote za mwezi, na kila anayetaka kufuturisha tunamwomba achague usiku ambao haujachukuliwa, alete kabla ya adhana, moto. Wengine wamekubali kwa moyo mweupe. Kama kuna jamaa zenu hapa Tanga wanataka, waambie siku za mwanzo na za katikati bado zipo wazi.

Jambo la mwisho ni kubwa kwangu kuliko yote. Tuandikieni karatasi, kwa jina la kikundi chenu, kwamba kitakachozidi mahitaji ya watoto tunaruhusiwa kuwagawia majirani wenye shida, na kwamba tunaruhusiwa kukataa kisichotufaa. Mistari miwili inatosha, muweke sahihi. Nitaibandika mlangoni mwa stoo na nakala nitampelekea afisa ustawi wa jamii. Nikiwa nayo, bibi wa nyumba ya pili anaweza kuondoka na sembe yake mchana kweupe bila mtu kumsema, na kikundi kingine kikiiona pengine nacho kitaandika yake.

Nijibu kabla Shaabani haijafika katikati, maana mwenye duka huagiza mzigo wake wa Ramadhani mapema na bei hupanda. Kama wenzio hawatalipenda shauri hili, niambie waziwazi na unipe sababu zao, nitaongea nao mwenyewe kwa simu hata kama ni usiku. Shemeji msalimie, na wanao wabusu kwa niaba yangu.

Wasalaam,
Somo yako akupendaye