Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Wenye Soriasisi, Moshi

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, mama zangu na baba zangu mliotoka Marangu, Kibosho, Bomang'ombe na hata Same, wageni wetu waalikwa, habari za asubuhi.

Katiba inamtaka mwenyekiti aeleze kazi za mwaka mzima. Kazi za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Tulikutana mara nne. Tuligawa mafuta ya kupaka kila robo mwaka. Tuliwatembelea wenzetu waliolazwa, na tuliwazika wawili, Mungu awapumzishe. Tarehe 29 Oktoba, Siku ya Soriasisi Duniani, tulitembea na bango letu kutoka stendi kuu hadi Mnara wa Saa, tukagawa vipeperushi vinavyoeleza kwamba ugonjwa huu wa ngozi, wenye mabaka na magamba, hauambukizi. Bango lile nililigharamia mwenyewe na liko salama nyumbani kwangu.

Mapato na matumizi mweka hazina ameyabandika ukutani, ila nayasoma ili asiwepo wa kusema hakuyasikia. Tulianza mwaka na shilingi 415,000. Ada za waliolipa mwaka mzima ni 1,032,000, za waliolipa nusu nusu ni 310,000, michango ya wahisani ni 850,000. Jumla 2,607,000. Tumetumia 780,000 kwa semina ya Agosti, 690,000 kwa mafuta ya mgando na mafuta yenye asidi ya salisiliki, 264,000 kwa ukumbi na chai, 215,000 kwa nauli za wagonjwa wasiojiweza, 98,000 kwa uchapishaji na simu. Zimebaki 560,000 benki. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina hawakulipwa posho hata ya kikao kimoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi, maana ukumbi huu sijauona umejaa hivi mwaka mzima. Ni zile 780,000 za semina ya kutueleza ugonjwa wetu, pamoja na orodha ya watu waliojitolea kuulizwa kuhusu kutoa sampuli za ngozi kwa utafiti.

Nimeyasikia yanayosemwa. Inasemwa mwenyekiti amechukua hela ya mafuta akaipeleka kwenye masomo. Inasemwa ngozi za wanachama zinauzwa Ulaya. Inasemwa nimejengewa choo cha ndani na wazungu. Nayajibu yote leo, mbele yenu.

Kwanza, uamuzi haukutoka mfukoni mwangu. Ulipitishwa kwenye kikao cha Juni kilichokuwa na watu 31, akidi yetu ikiwa 30. Walionyoosha mikono kukubali ni 24, waliokataa 7. Muhtasari uko kwa katibu na umesainiwa. Wale saba nawaheshimu, walikuja wakasema yao. Ninaosikitika nao ni wale ambao hawakutia mguu ukumbini kuanzia Januari, kisha wanauliza nani aliwaruhusu.

Pili, mafuta hayakukatwa. Kila aliyefika siku ya mgao alipata kopo lake, na daftari la kusaini lipo.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa nini semina yenyewe. Sisi tumekaa na ugonjwa huu miaka mingi bila kujua unatoka wapi. Wapo waliomlaumu shangazi kwamba amewaroga. Wapo waliopimwa Virusi vya UKIMWI mara nyingi kwa sababu tu jirani alisema. Wapo waliochomwa sindano za steroidi na watu wasio na sifa, magamba yakapungua wiki chache, kisha yakarudi kwa kishindo mwili mzima. Mafuta ya mgando yanalainisha ngozi, lakini hayawezi kumjibu mtu anayeuliza "kwa nini mimi?" Nilitaka mtu aje ajibu swali hilo. Daktari wa ngozi na mtaalamu wa maabara walikubali kuja bila malipo. Mimi ndiye niliyewafuata na kuwabembeleza. Fedha zilienda kwenye ukumbi wa siku mbili, chakula, nauli za waliotoka mbali na vitini vya Kiswahili ambavyo mnavyo majumbani.

Waliokosa nawaeleza kwa kifupi kilichofundishwa, ili mpime kama fedha yenu imepotea. Seli za mwili zina jeni zile zile, karibu 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya ngozi zinatofautiana kwa sababu kila moja inazitumia jeni fulani na kuziacha nyingine zimelala. Jeni inayofanya kazi hutoa nakala iitwayo RNA. Mtafiti akichukua kipande cha ngozi yenye baka na kipande cha ngozi isiyo na baka ya mgonjwa yule yule, akapima RNA ya vyote viwili, anaona ni jeni zipi zimezidisha kazi na zipi zimelegea. Kwenye baka la soriasisi zinazobadilika ni maelfu. Ngozi ambayo kwa kawaida huchukua karibu mwezi kujibadili, pale inajibadili kwa siku chache tu, ndiyo maana magamba hayaishi shukani.

Zamani madaktari waliamini kosa liko kwenye seli za ngozi zenyewe. Mwaka 1979 ikaonekana wagonjwa wa soriasisi waliopewa saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga inayofahamika zaidi kwa waliopandikizwa figo, magamba yao yanapungua. Macho yakageukia kinga ya mwili, hasa chembe nyeupe ziitwazo seli T. Swali likabaki: nani anaziamrisha? Mwanzoni lawama zilimwangukia mjumbe wa kinga aitwaye intalukini 12. Mwaka 2000 akagunduliwa mwingine, intalukini 23. Hawa wawili wana kipande kimoja cha pamoja, p40, na kila mmoja ana kipande chake: 12 ana p35, 23 ana p19. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ukapima RNA za vipande hivyo kwenye ngozi za wagonjwa. Kwenye mabaka p40 ilikuwa juu, p19 ilikuwa juu, p35 haikupanda. Kwa hiyo mshtakiwa akabadilika, na hakimu alikuwa vipande vidogo vya ngozi za watu kama sisi waliokubali kukatwa.

Daktari alitueleza kwa mfano wa mfongo wetu wa kihamba, yaani mfereji wa maji wa shamba la nyumbani. Intalukini 23 ni pale juu maji yanapochepushwa kutoka mtoni, intalukini 17, mjumbe anayechochewa na 23, ni maji yanayoingia shambani, na ukitaka migomba isizame unaweza kuziba juu au kuziba chini. Sindano za kisasa zinafanya hivyo hivyo. Ustekinumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, inaziba p40. Secukinumab ya 2015 inaziba intalukini 17A. Guselkumab ya 2017 inaziba p19. Sidanganyi mtu hapa: ni dawa ghali mno na wengi wetu hatutazigusa karibuni. Tutaendelea na dawa ya methotreksati na tiba ya miale ya mwanga tunayoijua, na wanaomeza methotreksati wakumbuke walivyoonywa kuhusu mbege na pombe nyingine, kwa ajili ya ini. Lakini mtu akijua chanzo cha ugonjwa wake haendi tena kwa muuza majani wa stendi.

Mama mmoja wa Himo aliuliza swali lililonigusa sana: kwa nini baka la kiwiko likipona linarudi pale pale, wala si sentimita mbili pembeni? Akajibiwa kwamba ngozi ikishaonekana imepona, baadhi ya seli T za kumbukumbu hubaki ndani yake, na baadhi ya jeni hazirudi sawasawa kwenye kiwango cha zamani. Mama yule alilia. Kwa miaka yote alikuwa anaambiwa na ndugu zake kwamba hajiogeshi vizuri. Jibu lile moja kwangu mimi lina thamani ya semina nzima, na aje mtu aniambie ni hasara.

Sasa orodha. Wanachama 29 wamejiandikisha kwamba, siku akitokea mtafiti mwenye vibali, wako tayari kuulizwa kama watatoa sampuli. Nasema kuulizwa. Hakuna ngozi iliyokatwa, hakuna mtafiti aliyekuja, hakuna shilingi iliyopokelewa. Sampuli yenyewe ni kipande cha upana wa milimita 3 au 4, kinachotolewa kwa ganzi na daktari, hospitalini. Masharti ya kamati yameandikwa: kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu, na matokeo yarudi kusomwa kwenye mkutano kama huu. Majina yamefungiwa kabatini kwa katibu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatulinda na sisi.

Mnaniuliza faida yake. Nawajibu kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizi za jeni imetumia ngozi za watu wenye asili ya Ulaya. Vitabu vinasema baka ni jekundu. Nani hapa ana baka jekundu? Letu ni la zambarau au la kahawia iliyokolea, na likipona linaacha doa jeusi kwa miezi. Na msifikiri Mwafrika hana la kuchangia. Mwaka 2011 familia za Tunisia zenye soriasisi ya usaha ziliwaonyesha wanasayansi hitilafu kwenye jeni iitwayo IL36RN, inayotakiwa kumzuia mjumbe mwingine wa kinga, intalukini 36. Kutokana na ujuzi wa njia hiyo ikapatikana dawa, spesolimab, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2022. Familia zile zilikubali kuulizwa. Sisi tunaishi chini ya mlima mmoja na hospitali ya KCMC, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, halafu tunaogopa kuandika majina kwenye karatasi! Nilisimamia jambo hili na nitaendelea kulisimamia. Aliyejiandikisha akitaka kufutwa, amwone katibu leo, atafutwa bila kuulizwa sababu.

Nisipozungumzia mahudhurio na ada nitakuwa sijawatendea haki waliokuwepo. Daftari lina wanachama 118. Machi walikuja 22, Juni 31, Septemba 17, Desemba 13. Semina yenyewe, yenye chakula na nauli, walikuja 37. Desemba naambiwa watu walikuwa kwenye harusi na vipaimara. Najua, hata mimi nilialikwa, nikatoka kwenye kipaimara cha mjukuu wa kaka yangu nikaja kukaa na watu 12 na viti vitupu.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 43. Wengine 75 kwa pamoja wanadaiwa 1,490,000, ambayo ni karibu mara mbili ya fedha ya semina tunayogombania. Mtu huyo huyo asiyelipa 24,000 kwa mwaka anachangia laki moja ya harusi na kadi anaionyesha. Simsemi mwenye dhiki kweli. Mwenye dhiki aje kwangu tuongee, wapo niliowalipia na majina yao sitayataja popote. Namsema mwenye uwezo anayekuja siku ya mgao wa mafuta, anasaini, anachukua kopo, halafu simu ya mweka hazina haipokei. Kamati inapendekeza kuanzia mgao ujao kopo litolewe kwa mwenye stakabadhi au mwenye barua ya msamaha ya kamati. Mtalijadili baadaye kidogo.

Kwa mwaka unaokuja tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mahali petu pa kukutania ili tuache kukodi, kuwafikia wenzetu wa Rombo na Mwanga ambao hawajatufahamu, na kuomba wataalamu warudi watueleze zaidi, hasa kuhusu soriasisi ya viungo, yaani ya maungio ya mifupa. Kuhusu bima nimeanza mazungumzo sehemu kadhaa na yakifika mahali pazuri nitawajulisha.

Nawashukuru wajumbe wa kamati waliosimama nami wakati wa maneno mengi. Mweka hazina yuko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi saa kumi jioni, anapokea taslimu na kwa simu.

Naomba kuwasilisha.