Vidole vya muuguzi vipimwe kabla hajapewa cheti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna wauguzi wanavyofundishwa kuchunguza matiti kwa mikono ili saratani igunduliwe mapema. Mimi ni muuguzi mkufunzi, na huniuma sana kuona semina ya siku moja, yenye picha ukutani na cheti jioni, ikihesabiwa kuwa mafunzo kamili ilhali waliohudhuria hawakugusa hata titi bandia.

Muuguzi huanza kwa kumtazama mwanamke akiwa ameketi: je, ngozi imebonyea mahali, chuchu imeingia ndani, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa? Kisha, mwanamke akiwa amelala na mkono umeinuliwa kichwani, hupapasa kwa sehemu laini za vidole vitatu vya katikati, akizungusha viduara vidogo na kubonyeza kwa uzito wa aina tatu, kuanzia mguso mwepesi hadi ule unaofika mbavuni, kwa mistari inayopakana toka mtulinga hadi chini ya titi. Kwapa halirukwi. Kazi hiyo ikifanywa ipasavyo, titi moja huchukua takriban dakika tatu.

Nimeshuhudia mwanafunzi hodari wa darasani akipapasa titi la silikoni kwa nusu dakika na kutangaza kwamba halina kitu. Nilimwomba arudie polepole; alipofika pembeni, karibu na kwapa, vidole vyake vikasimama juu ya kinundu kidogo kama punje ya dengu, naye akanyamaza kimya. Hakuna mhadhara ungemfundisha jambo lile.

Utafiti uliofanyika Mumbai, India, kwa miaka 20 na kuhusisha wanawake zaidi ya 150,000, ulionyesha kuwa wahudumu wa afya ya msingi waliofundishwa vizuri, wakiwapima wanawake kila baada ya miaka miwili, waliwezesha saratani kugunduliwa katika hatua za awali zaidi. Na kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo nafuu ya namna hiyo haikuonekana, na wanawake wana haki ya kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo napendekeza muuguzi asipewe kibali mpaka avipate vinundu vilivyofichwa katika titi bandia, asimamiwe akiwapima wanawake walioridhia, na apimwe upya kila mwaka, kwa sababu vidole visivyotumika husahau. Afundishwe pia kuandika rufaa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la siku 60 tangu mwanamke afike kituoni mpaka ugonjwa wake uthibitishwe, na rufaa inayosema tu “uvimbe titi la kulia”, bila kutaja mahali wala ukubwa, huanza kuzila siku hizo palepale mezani pa muuguzi.

Wako,
Muuguzi mkufunzi