Vipande vya mafundi cherehani visichomwe

Mhariri, mi fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, kila jioni nafagia gunia zima la vipande vya vitambaa na mabaki ya mitumba, tunayachoma tu, moshi unakaba koo maana poliesta ni plastiki ileile ya chupa za maji. Jamani hii ni mali! Kule Panipat, India, nguo chakavu zinararuliwa zinarudi kuwa nyuzi wanafuma mablanketi, na Ufaransa kuna wanaoshindilia mabaki kama haya na gundi yanakuwa matofali ya mapambo ya ndani. Sisi huku nyumba za bati mchana ni tanuri, na pamba ya vipande hivi ikichambuliwa na kujazwa darini inapunguza joto. Vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na VETA (vyuo vya ufundi) njooni mchukue magunia yetu mjaribu, bure kabisa, ila pamba na poliesta mzitenganishe mapema.

Fundi cherehani, Majengo, Dodoma