Risala ya Washonaji wa Langoni kwa Mgeni wa Heshima, Mkunguni, Lamu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wetu, masheikh, walimu na jirani zetu wa Amu, assalamu alaykum.

Sisi ni wanawake washonaji wa mtaa wa Langoni. Twashona mabuibui, madera na sare za skuli. Leo tumeomba kusema habari ya kitambaa chenyewe, maana hupitia mikononi mwetu kabla ya kufika baharini.

Mheshimiwa, kitambaa kingi tunachoshona ni poliesta: plastiki itokanayo na petroli, iliyoyeyushwa ikavutwa ikawa uzi. Wateja hukipenda kwa bei yake na kwa kuwa hakikunjiki. Lakini kila kifuliwapo hunyonyoka vijiuzi vyembamba kuliko unywele. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki, ambayo nayo ni plastiki, zikifuliwa kwa mashine zaweza kutoa vijiuzi zaidi ya 700,000. Wengi wetu hapa twafua kwa mikono, na mikono hutoa vichache kuliko mashine, alhamdulillahi. Hata hivyo, maji yetu humwagwa mtaroni, yakashuka na vichochoro hadi pwani, pale pale vyombo vinapotia nanga. Pamba nayo hunyonyoka, ila huoza. Poliesta hubaki, na chaza, ambaye hula kwa kuchuja maji, huimeza.

Plastiki si ngeni kwetu. Jahazi la Flipflopi liliundwa hapa Lamu kwa taka za plastiki na ndara chakavu, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ndara huokotwa ufuoni. Kijiuzi hakiokoteki, sharti kinaswe kabla ya mtaro.

Tumeanza wenyewe. Nguo mpya hunyonyoka zaidi mara za mwanzo, kwa hiyo kila buibui jipya twalisuuza ndani ya beseni, na maji twayachuja kwa kipande cha kanga ya pamba kilichokunjwa mara nne. Siku ya kwanza tulipokikunjua tulikuta utando mweusi kama masizi ya sufuria. Tulinyamaza sote. Ile ilikuwa kazi ya mikono yetu.

Mheshimiwa, twaomba utusaidie kupata karo la kufulia la mtaa, lenye shimo la mchanga la kuchujia maji. Pia utusemee kwa wenye nyumba za wageni za Shela na Mkomani, wenye mashine, watie machujio. Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2020, kwa mashine mpya. Na wakuu wa skuli wakae na wazazi na sisi mafundi, tuzungumzie sare za pamba na bei yake, ambayo kwa kweli ni nzito kwa mzazi wa watoto watano.

Kile kipande cha kanga tumekileta. Kiko mezani mbele yako, hakijafuliwa. Twaomba ukishike kabla hujaondoka.

Ahsante.
Ni sisi, washonaji wa Langoni.