Picha Yako Haijaharibika, Kivuli Ndio Kinakuchanganya

Meseji nyingi tunazopata baada ya kumtumia mteja picha zake za nje zinahusu kivuli, hata kama mwenyewe hajui kwamba anaongelea kivuli. Mmoja anaandika "mbona naonekana kama naelea?", mwingine "mbona mdogo wangu ana mguu mmoja?", na mwingine anauliza kwa uchungu kabisa kwa nini tumemuongezea tumbo wakati hatujagusa kitu. Tumeona tuieleze hii vizuri mara moja, kwa sababu mteja akishaelewa kivuli kinavyofanya kazi anachagua muda mzuri, anasimama sehemu nzuri, na picha zikifika anazifurahia badala ya kuzitilia shaka.

Tuanze na hii ya kuelea maana ndio inaongoza. Picha ni bapa, haina kina, kwa hiyo ubongo unatafuta vidokezo vya kujua kitu kipo wapi, na kidokezo kimoja kikubwa ni pale kitu kinapokutana na kivuli chake. Kiatu kikigusana na kivuli, umesimama. Kiatu na kivuli vikiachana, upo juu. Mwaka 1997 mtafiti Daniel Kersten na wenzake walilionyesha hili kwa animesheni rahisi ya mpira ndani ya boksi: mpira unapita njia ile ile kila mara, walichobadilisha ni njia ya kivuli tu. Kivuli kikiufuata mpira, unaona unateleza sakafuni kwenda nyuma ya boksi, kivuli kikibaki chini na kwenda njia yake, unaona mpira unapaa, na hata ukiambiwa kwamba mpira ni ule ule jicho halikubali!

Sasa ikija kwenye picha yako inakuwa hivi. Umesimama, kivuli chako halisi kimeanguka nyuma yako na mwili wako umekificha, au kimetoka nje ya fremu, halafu mbele yako kidogo kuna doa jeusi, labda kivuli cha tawi, cha bendera, au hata sehemu iliyomwagika maji. Jicho linalichukua lile doa na kusema hiki ndio kivuli chake, na kwa sababu halijagusana na miguu basi wewe upo hewani. Hakuna aliyekuediti. Ziba lile doa kwa kidole kwenye skrini yako uone, unashuka chini hapo hapo.

Ndio maana mteja akituomba tufute vivuli vyote kwenye picha huwa tunakataa, na tunakataa kwa nia njema kabisa. Kivuli cha mpiga picha kilichoingia kwenye fremu tutakitoa, cha nguzo kilichokukata shingo tunaweza kukipunguza, ila kile kilicho chini ya viatu vyako kiacheni jamani, kikitoka hicho unaonekana umebandikwa.

Mguu mmoja ni habari nyingine, huo ni upungufu wa kamera ikilinganishwa na jicho. Kati ya sehemu yenye jua kali na sehemu yenye kivuli lakini anga lipo wazi juu yake tofauti ya mwanga kwa kawaida ni kama stopu 3 (kila stopu ni mwanga mara 2), yaani jua lina mwanga mara 8 zaidi, na ndani ya mikunjo au chini ya gari inazidi hapo. Jicho lako linajirekebisha kila linapohama, kamera inachagua mwanga mmoja kwa picha nzima. Suruali nyeusi juu ya kivuli kizito, mguu mmoja ukiwa juani na mwingine kivulini, basi ule wa kivulini unamezwa. Mara nyingi bado upo kwenye faili la RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijabanwa) na tunaurudisha, ila picha ya simu ikishabanwa kuwa JPEG pale palipokuwa peusi kabisa hakuna kitu cha kurudisha.

Hilo la tumbo, na wengine ni la mashavu au makunyanzi, linatokana na ubongo kuamini kwamba mwanga unatoka juu. Imani hiyo ni ya kina sana kwa sababu maisha yetu yote jua lipo juu. Ukiona duara lenye mwanga juu na giza chini unasoma kivimbe, ukiligeuza giza likaja juu unasoma shimo. Watu wanaoangalia picha za Mwezi wanalijua vizuri hili, kreta (mashimo makubwa ya mviringo) zikigeuzwa kichwa chini zinakuwa vilima. Na tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima kwenye eneo la Cydonia huko kwenye sayari ya Mars, jua likiwa chini linaangaza kwa pembeni, vivuli vikaanguka vizuri hadi ikaonekana sura ya mtu inaangalia juu, watu wakaongea miaka na miaka. Chombo cha Mars Global Surveyor kilipopita hapo 1998 na tena 2001 na kamera kali zaidi, ikaonekana ni kilima tu.

Kwa hiyo nguo ya kitambaa laini, upepo kidogo, jua la pembeni, ule mkunjo wa kawaida unapata upande wa mwanga na upande wa giza na ubongo unaujenga kuwa kivimbe. Ukisimama kwenye mchanga mweupe au sakafu ya rangi ya mwanga wakati jua ni kali, mwanga unadunda kutoka chini kwenda usoni, vivuli vya pua na kidevu vinabadilika, na sura inakuwa ngeni hata kwa mama yako mzazi. Njia ya kujionea ni rahisi, geuza picha kichwa chini kwenye simu. Kama lile "tumbo" limegeuka kuwa bonde utaona jinsi ubongo unavyolijenga umbo kwa kufuata mwanga na giza tu.

Jua la utosini tunalikwepa kwa sababu hizo hizo. Nyusi zinaweka kivuli kwenye macho, pua inaweka kwenye mdomo, na mtu mchangamfu anatoka kama amekasirika au hajalala. Hesabu ya urefu wa kivuli inasaidia sana hapa na unaweza kuitumia mwenyewe bila kifaa: jua likiwa digrii 45 kivuli chako kina urefu sawa na wewe, likiwa digrii 30 kinakuwa kama mara 1.7, likishuka hadi digrii 10 kinafika mara 5 na nusu hivi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, bado mapema, subiri au tutafute ukuta wa kujikinga. Kikiwa kirefu kuliko wewe tunaanza kazi. Kikiwa mara 5 basi kwenye picha ya kundi tunawapanga upya, maana kivuli cha mrefu mmoja kinawapita watu watatu na kuwakata nguo zao katikati, na hapo ndio unakuta mtu anauliza mbona mkono wa fulani umekatika.

Vivuli virefu vina uzuri wake lakini, tusiviseme vibaya tu. George Steinmetz, mpiga picha wa Marekani, anajulikana sana kwa picha yake ya ngamia jangwani iliyopigwa kutoka juu, unaona ngamia weusi wanatembea kwa msururu, kumbe wale weusi ni vivuli na ngamia wenyewe ni vimistari vyembamba vya rangi ya mchanga chini yao. Nasi tukiwa na droni na jua la jioni huwa tunawapiga watu hivyo makusudi, maharusi hasa, na inatoka vizuri mno mkiwa mmeachia nafasi kati yenu ili vivuli visiungane vikawa kitu kimoja kisichosomeka.

Kwenye rangi ndio tunabishana sana na wateja. Shati jeupe likikaa kivulini linatoka na ubluu, na mteja anaapa shati lake ni jeupe, na yuko sahihi! Sehemu ya kivuli haipati jua moja kwa moja, inaangazwa na anga, na anga ni la bluu. Ukiwa pale pale ubongo unaiondoa hiyo bluu bila kukuambia, kamera inairekodi kama ilivyo. Edward Adelson, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, alitengeneza mwaka 1995 ile picha ya ubao wa drafti wenye kivuli cha silinda, ina miraba miwili ambayo mmoja unauona mweusi kabisa na mwingine mweupe, na ukiipima kwenye kompyuta yote ni kijivu ile ile. Na wengi mnakumbuka gauni la Februari 2015 lililogombanisha intaneti nzima, lilikuwa la bluu na nyeusi lakini watu kibao waliliona jeupe na dhahabu, na baadaye utafiti ulionyesha waliodhani gauni lipo kivulini ndio walioelekea zaidi kuliona jeupe na dhahabu. Kwa hiyo kama rangi ya nguo ni muhimu kwako, sare ya harusi au bidhaa unayouza, tuambie mapema, tutapiga kwanza picha moja ukiwa na kadi ya kijivu kwenye mwanga ule ule tupate kipimo.

Kuna wanaosema tumeunganisha picha mbili kwa sababu vivuli haviendi upande mmoja. Ardhi yenye mabonde inakunja kivuli, na lenzi pana inafanya vivuli vilivyo sambamba vionekane vinatawanyika au vinakutana kwa mbali, kama reli inavyoonekana kukutana. Picha ambazo wanaanga wa Marekani wa safari za Apollo walipiga Mwezini zililaumiwa hivyo hivyo. Wengine wanauliza kwa nini kivuli cha miguu kipo shapu na cha kichwa kina ukungu, wanadhani ni filta. Jua sio nukta, angani lina upana wa karibu nusu digrii, kwa hiyo kwa kila mita 1 kati ya kitu na pale kivuli kinapoangukia, ukingo unafifia kama sentimita 1. Kichwa kipo mbali na kivuli chake kuliko kiatu. Tena kwa kweli kivuli chenye makali sawa juu hadi chini ndio cha kutilia shaka.

Halafu mti. Karibu kila mtu anatuambia "tusimame pale chini ya mti kuna kivuli", na mti wenye majani machache ni sehemu mbaya kuliko juani. Kila kitundu kati ya majani kinafanya kazi kama kamera ya tundu la sindano, kinatupa taswira ya jua lenyewe, ndio maana yale madoa ni ya mviringo hata kama tundu lina pembe (siku ya kupatwa kwa jua kwa sehemu yote yanakuwa hilali, ukipata nafasi angalia chini). Yakiangukia usoni yanasomeka kama mabaka ya ngozi na hakuna kuediti kutakakoyatoa vizuri yote. Tutakupeleka kwenye kivuli cha jengo, karibu na ukingo wake, ukiangalia upande wa anga wazi.

Ukitaka kubuki picha za nje tutumie mambo mawili tu, saa ambayo huwezi kuihamisha kama ipo, na video fupi ya eneo ukizunguka taratibu huku umefungua dira ya simu na kututajia upande jua linapozama, hapo tutajua kama tubebe rifleksa (ubao wa kurudisha mwanga) peke yake, flashi, au kile kitambaa kikubwa cha kulainisha jua. Na kama una picha ya zamani inayokusumbua, ya kwetu au ya mwingine yeyote, tuma faili lenyewe sio skrinshoti, tutakuonyesha kivuli kimetoka wapi na kama kuna cha kurekebisha.